Choo cha Kiwanda cha Zamani

Saa nne asubuhi Odete aliacha kubangua korosho, akajipangusa mikononi majivu ya kujikinga na mafuta ya ganda, akaenda kukojoa kwenye choo kilichobomolewa kabla hajazaliwa.

Kilikuwa kimerudi Jumatatu, nyuma ya ghala la korosho la kijiji cha Mpapura: kuta nyeupe, milango minne ya kijani, bomba la maji ndani. Bibi Mwanahawa, aliyebangua hapo tangu kiwanda kikiwa cha umma, alikitambua kwa vitasa.

"Ndicho chenyewe. Humu tulinawa, tukasengenya, kengele ikilia tunarudi. Hakuna aliyetuuliza umekwenda kufanya nini."

Kisha kiwanda kikauzwa, mabati yakang'olewa, choo kikavunjwa. Waliotia saini mauzo hayo wangali hai, na nyumbani kwao wana vyoo viwili viwili. Ghala la sasa lina kimoja, na ufunguo anakaa nao msimamizi, Lukasi. Kwa hiyo wanawake hawanywi maji mpaka jioni.

Msimu huu UTI ilikuwa imemrudia Odete tena na tena. Mkojo ulimchoma kama mafuta ya ganda la korosho. Safari ya mwisho alishikwa na homa, mgongo ukamuuma chini ya mbavu. Muuguzi wa zahanati alimpima mkojo, akampa dawa.

"Maliza dozi hata ukijiona umepona. Kunywa maji, usibane mkojo. Ikipanda tena kwenye figo, tutakulaza."

"Nisibane, na ufunguo anao Lukasi?"

Muuguzi akaandika kwenye kadi: asibane.

Wiki hiyo choo kiliporudi, Odete alijaza chupa bombani, akanywa mbele ya watu, akamaliza dozi. Maumivu yakaisha. Foleni ya chooni ikarudisha masengenyo.

"Wee Odete, unajifungua humo?"

"Subiri, shoga. Natoa na ya mwaka jana."

Bibi Mwanahawa alicheka kwa sauti aliyoiacha ujanani.

Ijumaa Lukasi alikuja, akajaribu vitasa, akafungua bomba, akanawa uso. Akasema choo ni kizuri. Jioni hiyo milango yote minne ilikuwa na kufuli.

"Sasa tuna vyoo vitano," aliwaambia, akatia funguo mfukoni.

Jumatatu iliyofuata Odete alimimina maji yake ya kunywa kwenye majivu, akajipaka mikononi, akaanza kubangua. Lukasi alikuwa amesahau kulifunga bomba. Kutwa nzima wanawake walilisikia likitiririka nyuma ya milango ya kijani, wakabana.