Sifa za Irine

Siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kijiji kizima cha Mhezi tulitoka kuzibua ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Binti yangu Irine, mwenye miaka kumi na sita, alizoa tope tangu asubuhi bila kukaa wala kula. Akina mama wakanisifu kwamba nimelea. Nami nikavimba kichwa, mjinga mimi.

Tuliporudi nyumbani akafagia uwanja, akamaliza, akaanza upya. Alisema kuna watu wanamwita kutoka migombani. Niliangalia, hapakuwa na mtu. Ilikuwa siku ya tatu hajalala, na mimi siku zote hizo nilidhani anasomea mtihani.

Nikamkamata mkono, nikampekua. Mfukoni mwake nikatoa majani ya mirungi, yamenyauka.

“Nani anakupa uchafu huu?” nikafoka. “Nitampeleka polisi leo hii.”

Irine hakuyaondoa macho migombani.

“Ni ya kwetu, mama. Ile unayonituma nikakuchumie nyuma ya shamba la tangawizi, wanunuzi wa kutoka Hedaru wakija.”

Akauokota ufagio.