Funda la Maji Kabla ya Misa

"Mama Generosa, hiyo shingo yako unafuga nini humo?"

Limi aliniuliza hivyo tukipalilia karanga shambani kwake, na wanawake wote walioitwa kazini siku hiyo wakaacha majembe ili wacheke vizuri. Nami nilicheka. Rovu nilikuwa nalo tangu usichana, nimelizoea kama mwingine anavyozoea mwanya. Marehemu mume wangu Marcel alikuwa akisema kwamba wenzake walioa mke tu, yeye alioa mke na mzigo wake wa safari.

Lakini Limi hakuwa akitania tu. Kicheko kilipotulia aliendelea kunitazama, na mimi, niliyezoea kutazama watu, nikajua nimetazamwa.

Mwaka ule wa 1954 mwili wangu ulikuwa umeanza vituko. Nilikula kama ng'ombe wa plau, nikazidi kukonda. Asubuhi za Julai, watu wa Samuye walipokwenda kisimani wamejifunga mablanketi, mimi nilikwenda na kitambaa cha kufutia jasho. Moyo ulienda mbio nikiwa nimekaa tu nachambua mchicha. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, na ndani ya juma moja nikavunja mitungi miwili. Mtungi wa pili ulipopasuka, Generosa, mwanangu wa pekee, aliokota vigae, kipande baada ya kipande, akavipanga ukutani kwa ukubwa. Alikuwa na miaka saba. Mwaka uliotangulia baba yake alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu na homa, akakaa nasi siku tisa, tukamzika. Nilipoona mtoto anapanga vigae vile bila kuuliza kitu, niliogopa. Aliyebaki kwake ni mimi tu.

Nikaenda kwa Athanas, dresa wa zahanati, kijana wa ukoo wetu. Alinishika mkono, akahesabu mapigo akitazama saa yake, halafu akahesabu tena.

"Shangazi," alisema, "hili si rovu la kubeba tena. Tezi yako imekuwa kali. Ni kama umesahau chungu jikoni na moto unawaka chini yake usiku na mchana. Usipouzima, chungu kitakauka."

"Unazimwa kwa kitu gani?"

"Si kwa dawa niliyonayo mimi. Lakini kuna daktari wa tezi. Kazi yake ni tezi tu, miguu na matumbo hagusi. Atapita hapa Jumapili ya tatu ya Agosti, asubuhi moja, kisha anakwenda Tinde. Ataandika wanne wa kupelekwa hospitali kubwa wakakatwe rovu."

"Wanne?"

"Wanne, shangazi. Wahi foleni."

Nilitoka nimefurahi hadi nilipofika nyumbani na kuhesabu siku. Jumapili ya tatu ya Agosti ndiyo Padre angetufikia. Kigango chetu kilimwona mara moja kila miezi miwili, na siku hiyo Misa ingekuwa ya Marcel, ya kutimiza mwaka wake. Niliomba mwenyewe, mapema. Nisipopokea komunyo katika Misa ya mume wangu, nitapokea lini?

Kwa vijana wa sasa inabidi nieleze. Zamani zile, mtu aliyetaka kupokea hakutia kitu mdomoni tangu saa sita za usiku, hata tone la maji. Na hapakuwa na aliyelishika jambo hilo kama mwalimu Pantaleo, katekista wetu. Ndiye aliyetufundisha, ndiye aliyetusomea matangazo yote ya Padre, ndiye aliyetuzikia watu Padre akiwa mbali. Kila Jumamosi ya kuamkia Misa alipita nyumba kwa nyumba kutukumbusha kufunika mitungi ya maji. Sisi wanawake tulifunika kwa ungo, na juu ya ungo tukaweka jiwe, ili mkono wenye usingizi ukutane na jiwe kwanza.

Niliweka jiwe langu. Asubuhi nilivaa gauni la Misa, nikaenda kwa daktari na kwenye Misa kwa pamoja, maana vyote vilikuwa kiwanja kimoja. Padre alikuwa kanisani anaungamisha. Daktari alikuwa amepewa darasa la katekisimu. Mwalimu Pantaleo alisimama mlangoni na orodha, anaita majina kwa sauti ileile ya kutuitia watoto wa ubatizo. Limi alinisindikiza. Hakuwa Mkristo na hakutaka kuwa, ila alisema anataka kuona mtu anayesomea shingo.

Daktari alikuwa Mgoa mfupi, mwenye kipara na mikono inayonukia sabuni. Alinisalimu vizuri, akaniuliza ninavyokula, ninavyolala, jasho, moyo. Akaniambia ninyooshe mikono, akaweka juu yake karatasi, sote tukaitazama karatasi ikicheza.

"Nimeshaandika watatu," alimwambia Athanas. "Huyu ananitia wasiwasi kuliko wote. Hebu."

Akasimama nyuma yangu, akaweka vidole shingoni. Athanas akanipa kikombe cha maji.

"Weka funda mdomoni, mama. Nikisema meza, umeze."

Nilikuwa mtu wa kutii. Nikaweka.

"Meza."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikakaa na mashavu yaliyojaa kama panya wa karanga, macho yamenitoka, na siku zile yalikuwa yamenitoka tayari.

"Meza, mama."

Nikatikisa kichwa, nikanyoosha kidole kuelekea kanisani.

"Daktari," alisema Limi kutoka dirishani, "labda humo ndani pameshajaa."

Nikainuka, nikatoka hadi mlangoni, nikatema maji pembeni ya viatu vya mwalimu Pantaleo, nikafuta midomo, nikarudi kukaa.

"Leo napokea," nilimwambia daktari. "Ni Misa ya marehemu mume wangu."

Hakukasirika. "Basi meza mate."

Nilijaribu. Nilikuwa nimeamka na kiu, nimeingiwa na hofu, na ulimi ulikuwa mkavu kama ganda la karanga. Nilivuta, nikavuta tena. Hakuna kilichokuja. Foleni yote ilinyoosha shingo kunisaidia.

Daktari akazunguka, akakaa mbele yangu. "Mama, nikwambie ukweli. Lazima nione tezi ikipanda na kushuka, nijue imeshika wapi. Siwezi kumpelekea mpasuaji mtu nisiyemjua. Na gari langu linakwenda Tinde sasa hivi. Wapo wanaoningoja."

"Nimekuelewa, daktari."

"Mimi pia ni Mkatoliki. Nitasali Tinde, nitapokea, na leo nimekunywa maji. Maji yameruhusiwa. Tangu mwaka jana. Baba Mtakatifu mwenyewe ameandika."

Nilimtazama sana. Hakuwa na uso wa mwongo, lakini yeye alikuwa daktari wa tezi. "Kwetu hayajaruhusiwa," nikasema.

"Mungu wenu ana kazi," alisema Limi. "Anahesabu hadi mafunda."

Daktari akageukia mlangoni. "Mwalimu, mwambie."

Mwalimu Pantaleo akatazama orodha yake. Orodha ilikuwa na majina machache, na yeye aliisoma kwa muda mrefu. Nilikiona kidole gumba chake kikisugua ukingo wa karatasi. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Ni kweli," alisema. "Makatekista tuliambiwa. Kwaresma ya mwaka jana."

Nje foleni ikaguna.

"Mwalimu," nikasema, "mbona hukututangazia?"

"Niliogopa, Mama Generosa. Nawajua. Nikisema maji, Jumapili inayofuata mtasema togwa nayo ni maji. Ya tatu mtasema uji mwepesi. Nilitaka kwanza niwatayarishe."

"Mwaka mzima na nusu?" aliuliza Athanas.

Limi alicheka hadi akashika ukingo wa dirisha, na wenye foleni wakamfuata, hata mwanamke mwenye rovu kubwa kuliko sisi sote, ambaye kucheka kulimpa shida. Mwalimu hakucheka. Alinitazama mimi.

"Kunywa," aliniambia. "Utapokea. Dhambi yangu nitaiungama kwa Padre mimi mwenyewe."

Nikanywa. Vidole vya daktari vikapanda na kushuka na shingo yangu, mara tatu, na mara ya tatu niliyameza maji kwa raha tu. Akaandika jina langu, likawa la nne.

Oktoba ile walinipeleka. Majuma kadhaa walininywesha maziwa yenye matone ya dawa ya kahawia, hadi moyo ukatulia, ndipo wakanikata. Kovu lipo mpaka leo, jembamba kama uzi wa shanga, na wajukuu wa Generosa hupenda kupitisha vidole juu yake. Niliporudi Samuye, Limi alinizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe, akasema nimempa hasara, sasa atanitambuaje kwa mbali. Mtungi niliobebea maji mwaka uliofuata niliutumia hadi ukaota ukoga.

Watu huniuliza kuhusu kisu, kama kiliuma. Kiliuma. Lakini ninachokiona mara nyingi ni darasa lile, baada ya daktari kufunga daftari lake na kwenda kwenye gari. Kengele ilikuwa inapigwa. Wenzangu walishavuka kiwanja kwenda kanisani, wanacheka bado. Mimi nilibaki nyuma nikifunga kilemba, na mwalimu Pantaleo akaingia kukusanya vitu.

Kikombe kilikuwa mezani, maji yamebaki nusu. Alisimama mbele yake. Nikakumbuka kwamba mtu huyu naye alikuwa anafunga, Misa baada ya Misa, anakuja kwa miguu juani, anaimba mbele yetu midomo imepasuka, na muda wote huo alijua.

Nikamsogezea kikombe.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akanywa polepole, hadi mwisho, akakifudikiza juu ya meza kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo, akatoka.