Ijambo la Mwalimu Djibril

Katika habari hii mjinga alikuwa Djibril mwenyewe, na hata yeye hakatai. Si kwa kuacha kazi. Kazi aliambiwa aiache. Ujinga wake ulikuwa mdomo.

Asubuhi moja alikuwa amechutama uani kwake, mtaa wa Buyenzi, akipaka viatu rangi, simu ikalia. Alikuwa Hugues, kijana wa ile ofisi ya mjini inayotafutia watu kazi za ng'ambo. Hugues hakusalimia. Alisema masharti ya viza yamebadilika. Shule ya Ghuba iliyomwajiri Djibril kufundisha Kifaransa bado inamtaka, lakini serikali ya kule sasa inataka kila mwalimu mgeni aoneshe kwamba bado yuko kazini nchini kwake: atestasiyo, yaani barua ya uthibitisho ya shule, yenye tarehe ya wiki hii, saini na kashe ya muhuri. Dosye, yaani mafaili ya waombaji, zinaondoka leo saa kumi. Isiyokamilika inabaki.

Djibril alimkumbusha kwamba mwezi uliopita masharti hayohayo yalitaka kinyume chake. Mtu alete karatasi ya kuonesha ameacha kazi, hana mkataba na yeyote. Ndiyo maana aliandika barua ya kuacha.

"Ile ilikuwa ya mwezi uliopita," Hugues alisema. "Sasa wanaogopa watu wenye kuuza madukani kujiita walimu. Mi siandike sheria, mwalimu. Mi natuma dosye tu."

Khadidja, mkewe, alisikia yote akiwa mlangoni. Hakulalamika, na hilo lilimtisha Djibril zaidi. Chumba chao cha mbele kilikuwa kimekwisha pata mpangaji mwingine, kabati limekwenda kwa shemeji, godoro limebaki sakafuni. Dua ya safari nayo ilikwisha somwa, majirani wakala pilau na kumwombea afike salama. Mtu aliyesomewa dua ya safari hatarajiwi kuonekana tena akinunua mkaa. Kila alipopita waliuliza, "Mwalimu, bado uko?" kwa sauti ya watu waliotapeliwa dua zao.

"Nenda kwa madamu Daphrose," Khadidja alisema. "Umuombe vizuri. Si muliagana vizuri?"

"Tuliagana," Djibril alijibu, akaendelea kupaka kiatu kilichokwisha kung'aa.

Waliagana, ndiyo. Katika mji huu watu hawagusi chupa kwenye sherehe mpaka mtu asimame atoe ijambo, yaani hotuba, na ijambo la anayeondoka lina njia yake inayojulikana: unamshukuru Mungu, unamsifu mkubwa wa kazi, unaomba radhi, unakaa. Juma lililopita, siku walimu walipomuaga, Djibril alimshukuru Mungu vizuri sana. Halafu, kwa kuwa moyoni alikwisha panda ndege, akasema kwamba watoto wa darasa la saba wanasoma chini ya bati lililotoboka, mvua ikija wanajibana pembe moja kama kuku, na minervali, ile karo ya wazazi, imeweka vigae katika ofisi ya madamu Daphrose, direktrisi wa shule. Akamwambia madamu, mbele ya walimu wote, kwamba anawadanganya wazazi. Wenzake walimpigia makofi chini ya meza. Fanta ya siku ile ilikuwa tamu kuliko Fanta zote alizowahi kunywa.

Sasa alikuwa anaelekea shuleni, mtaa wa Kamenge, kwa miguu. Mafuta hayakuwepo mjini. Mabasi yalikuwa yamepangwa kando ya kituo cha mafuta, madereva wamelala ndani, miguu inatoka madirishani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na barabara za ndani zilikuwa tope tupu. Kabla hajafika, viatu vilikuwa vimesahau kama viliwahi kupakwa rangi.

Concilie, sekreteri wa lise aliyoiacha, alimwona akikwangua tope kwenye ngazi.

"Umerudi kufuata makofi yaliyobaki?" alimuuliza.

Djibril alicheka ili aonekane anajua kutaniwa. Concilie alimwonesha benchi. Madamu alikuwa na mgeni, kisha alikuwa na simu, kisha alikuwa peke yake, na mlango ukabaki umefungwa. Toka kwenye benchi Djibril alisikia somo lake mwenyewe likifundishwa darasa la jirani. Alikuwa Xavier, mtoto wa dada ya madamu, anayewafundisha watoto kitenzi ambacho yeye Djibril aliwafundisha mwaka uliopita. Simu ikatetemeka mfukoni. Hugues alikuwa anauliza kama karatasi iko njiani.

Alipoitwa, alisimama pembeni mwa vigae, pale tope lake lisipoonekana sana. Madamu Daphrose alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Hakuwa na haja ya kubwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akimwacha amalize hata zile sentensi ambazo Djibril alitamani akatishwe.

"Juma lililopita ulisema mi ni muongo," alisema. "Leo umetoka Buyenzi kwa miguu kuja kuniomba nidanganye."

Djibril alilishika neno hilohilo. Alisema haitakuwa uongo kama madamu atamrudisha kazini kwa siku ya leo, hata kwa saa moja. Masharti hayakutaja urefu. Madamu alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu aliyesema jambo la maana. Alimwita Concilie aandike atestasiyo. Ikaandikwa, ikasainiwa. Kashe ndiyo hakuigonga. Alichukua karatasi mkono mmoja, kashe na kidau chake cha wino mkono wa pili, akamwambia Djibril kwamba kengele ya mapumziko inagongwa sasa hivi na walimu watakuwa kwenye chumba chao.

"Ijambo ulilitoa mbele yao," alisema. "Ulirudishe mbele yao."

Walimu walikuwa wanakunywa chai isiyo na sukari, kwa maana sukari nayo ilikuwa imeadimika. Walipomwona Djibril walifurahi, walipomwona madamu nyuma yake wakaacha. Mzee Sylvère, mwalimu wa hesabu, alisogeza kikombe ili Djibril apate mahali pa kuweka mikono. Ndiye aliyempokea Djibril alipokuja hapo akiwa hajui kushika hata chaki, na pensheni ya mzee sasa ilikuwa karibu.

Djibril alimshukuru Mungu. Alimsifu madamu kwa uvumilivu wake, kwa mpangilio wa shule, kwa usafi wa ua. Sauti ilikuwa yake lakini aliisikia kama ya mtu anayesoma tangazo la mazishi. Aliomba radhi kwa maneno yaliyomtoka.

"Na bati?" madamu aliuliza.

Nje ya dirisha, watoto wa darasa la saba walikuwa wanaanika madaftari juu ya ukuta, wakiyageuza kurasa moja moja ili yasigandane.

"Bati la darasa la saba halivuji," Djibril alisema.

Walimu waliangalia vikombe vyao. Djibril alinyoosha mkono kuipokea karatasi. Madamu hakuitoa.

"Maneno yale hayakuwa yako," alisema kwa upole. "We hukuwa hata na darasa la saba. Kuna mutu alikutuma. Taja jina, nigonge kashe, uende."

Chumba kizima kilijua ni nani anayefundisha darasa la saba hesabu saa ya kwanza. Djibril alisema hakutumwa. Alilirudia jibu lake, na mara ya pili likawa dogo zaidi. Madamu alisema atestasiyo bila kashe ni karatasi ya kufungia karanga, kisha akakaa kitini, kama mtu mwenye mchana mzima. Simu ikatetemeka tena. Djibril alimfikiria Khadidja na godoro sakafuni, akamfikiria mpangaji anayeleta vitu vyake kesho. Alifungua mdomo. Mpaka leo hajui angesema nini, na ni heri hajui.

"Ni mi nilimutuma," alisema mzee Sylvère, akiwa bado amekaa. "Mugongee mutoto wa watu kashe yake, madamu, safari yake isife."

Haikuwa kweli. Djibril alijua, walimu walijua, na ungemwangalia madamu usoni ungeona kwamba yeye pia alijua, ila jina alilolitaka lilikuwa limekwisha patikana. Alifungua kidau. Kashe iligongwa mara moja, ikaacha duara la buluu. Djibril alikuwa na nafasi ya kusema kwamba mzee anadanganya. Alipuliza wino ukauke, akaiingiza karatasi kwenye bahasha, akasimama pale na bahasha yake, hawezi kutoka wala kukaa.

Madamu alikwisha msahau. Alikuwa amemgeukia mzee.

"Na we, Sylvère, unajua kesho nitakutia wapi?"

Mzee alimaliza chai yake kwanza.

"Unitie mu biro yako ya vigae, madamu. Ni mule tu mvua haiingie."