Vitambaa vya Bi Noreen

Wiki yangu ya kwanza ya kazi za ndani huko Turffontein, kusini kabisa mwa Afrika, niliona vitambaa vitatu vichafu vimefungwa kwenye mti wa miiba uani. Nikavifungua, nikavifua kwa jiki, nikavipiga pasi, nikavipanga mezani kwa Bi Noreen. Nilitaka anione hodari, maana dada Zabibu, aliyenitafutia kazi, alikuwa ameshaniambia, "Mwenzio aliyetangulia hakumaliza mwezi. Eish, na wewe ulivyo bubu hivyo!"

Bi Noreen ni bibi wa Kiayalandi. Alikuwa nesi Tanga miaka ishirini. Kiswahili chake kinanizidi. Alivipapasa vile vitambaa.

"Mayasa, umevitoa mtini?"

"Ndiyo, bibi. Vilikuwa vichafu."

"Lo! Nilivifunga pale ili goti langu lipone. Umelipiga pasi goti langu, mwanangu."

Akanionyesha picha ukutani: ngome ya kijijini kwao, Kilnavarra, mnara umevunjika kichwa, chini yake kisima na mti wa miiba. Wanasema zamani adui aliizingira ngome, homa ikaingia ndani. Mke wa bwana wa ngome akachovya vitambaa kisimani, akawafuta wagonjwa, akavifunga mtini. Kadiri kitambaa kilivyooza, mgonjwa wake aliinuka. Askari mmoja akaiba kimoja afungie kidonda. Homa ikamhamia yeye.

Kwetu Tanga watu hufunga vitambaa pangoni wakiweka nadhiri, na hata mtoto mdogo anajua haviguswi. Ila sikudhani Wazungu nao hufunga.

Nikajua kazi imekwisha. Nikaanza kuvua aproni.

"Unakwenda wapi?"

Siku nyingine ningeondoka kimya. "Bibi, hata kwetu vipo," nikasema, sauti ndogo. Nikamweleza pango, na kitambaa alichofunga mama ili nizaliwe salama.

Alinisikiliza hadi chai ikapoa. "Miaka ishirini Tanga, hakuna aliyeniambia! Walidhani nesi atawagombeza." Akacheka. "Yule askari angepona kama angekirudisha kwa mkono wake, akataja shida yake kwa sauti. Aliona haya. Na wewe?"

Nikachana pindo la khanga yangu. Tukatoka, yeye na mkongojo wake. Nikafunga vitatu vyake, kisha changu. Maneno ya kuomba hayakuja.

"Ahsante kwa kutonifukuza!" nikasema kwa sauti, hata jirani akachungulia ukutani.

"Hiyo si shida," akasema Bi Noreen.

"Ilikuwa shida, bibi."

Huu ni mwaka wa tatu. Kipande changu cha khanga kimebaki uzi tu. Goti bado humuuma akipanda ngazi, naye hunigeukia: "Pasi yako hiyo, Mayasa!" Nami namshika mkono, tunapanda pamoja, nikimsimulia habari za Tanga.