Sehemu Yangu ya Sinia

Bi Kazija, jirani yetu wa ukuta mmoja, anasema siku ya arusi ya mwanawe aliniona kwa macho yake mawili nikichota biriani kwa mkono, nikaitia ndani ya khanga, nikatoka nayo mpaka nyuma ya choo nikammwagia bata. Anasema bata mwenyewe alinusa akaondoka. Anasema nimefanya hivyo kwa kuwa nimepasuliwa tumbo kwa pesa za kaka yangu wa Muscat, na sasa kwangu mimi chakula cha watu si chakula.

Kweli yake ni hii. Nilikuwa na sukari, na magoti yalikuwa hayanibebi tena. Madaktari wakanikata sehemu kubwa ya tumbo, wakaniachia kidogo. Kwenye ile arusi nilikula matonge matatu. La nne lilifika kifuani likasimama, halishuki wala halipandi. Nikatoka kwenda kulitapika, kwa adabu, mbali na watu. Bata alikuwepo, hilo sikatai. Lakini sikumpa kitu.

Tangu maneno hayo yaingie nyumbani kwetu, mama mkwe wangu, Bi Mize, hanipakulii tena kwenye sinia. Wanaume wanakula zao barazani kama siku zote. Mama na wifi yangu Sabaha wanakaa mkekani, sinia katikati, na mimi napewa kisahani cha kikombe, pembeni, karibu na jiko la mkaa, kama paka aliyezaa. Hakuna aliyenifokea. Mama alisema tu, "Wewe mwanangu kaa hapo, usijitese." Nikakaa. Lakini daktari alinipunguza tumbo, hakunipunguza mkekani. Neno hilo ndilo nililolala nalo usiku wa jana, na ndilo lililonipeleka nilikokwenda.

Nikaota nimesimama kwenye ukingo wa sinia.

Sinia ni kubwa. Ukisimama upande huu huoni upande wa pili, unaona moshi tu. Wali umelala mweupe mpaka macho yanapokomea, na kila mtu yuko kwenye kipande chake analima. Sabaha yuko kushoto kwangu na jembe. Analima wali, anatia mdomoni, anafuta jasho, analima tena. Mama yuko mbele huko, anasukuma toroli, anagawa nyama.

Kipande changu kimekaa vilevile. Pembeni tu pana kishimo cha ukubwa wa kijiko cha chai.

Namuuliza Sabaha, "Wifi, mbona jembe lako liko upande wangu?"

"Jembe lipi?"

"Hilo ulilolishika."

Analitazama. "Aa, hili. Limeteleza."

"Limeteleza likapiga matuta?"

"Wifi nawe! Kwani ulikuwa unakitumia? Mtu halimi, halimishi, kakaa anaangalia wali kama anaangalia televisheni. Mie nikasema kisije kikaota majani."

Nataka kumjibu lakini sheha anafika. Sheha ni upawa. Ni upawa wetu wenyewe wa kifuu, naujua kwa ule ufa wake, ila leo umevaa kofia ya viua, na saa ya mkono pale kwenye mpini.

"Shikamoo, sheha."

"Marahaba." Anakohoa, anatema mchuzi kidogo. "Tumepokea malalamiko. Kipande chako kimekuwa pori."

"Si pori, sheha. Ni wali."

"Wali usioliwa ni pori. Mwenye kipande asipolima, jirani anasogea. Hata mtoto mdogo anaijua sheria ya sinia."

"Mimi nalima. Nalima kidogo kidogo, ndivyo nilivyoambiwa na daktari." Namwonyesha jembe langu. Ni kile kijiko cha chai. Kijiko kinaona haya, kinajificha ndani ya kiganja.

"Lima tuone," anasema sheha.

Nachota. Natia mdomoni. Natafuna. Nimeambiwa nitafune mpaka kiwe uji, basi natafuna. Sheha anangoja. Jua linazama, linachomoza. Sabaha anajifungua mtoto, mtoto anaota meno, anaomba wali, anapewa wa upande wangu. Mimi bado natafuna.

"Umemaliza?" anauliza sheha. Kofia yake imeingia vumbi.

"Nimemaliza. Nimeshiba."

"Kwa hicho?"

"Kwa hicho hicho."

Sheha anamtazama Sabaha. Sabaha anatazama pembeni, kama mtu aliyesikia jambo la aibu.

Koo limenikauka. Gudulia la maji liko hatua chache, lakini mbele yake amekaa mzee nusu. Ana jicho moja, sikio moja, mkono mmoja, mguu mmoja na upande mmoja wa masharubu.

"Mimi ni Nusu Saa," anasema. "Umekula. Daktari kasema hunywi mpaka nipite."

"Basi pita, mzee wangu."

"Napita." Anaruka kwa mguu wake mmoja, kidogo sana, anapumzika. Ananiuliza habari za nyumbani. Namwambia njema. Anaruka tena, kidogo kuliko mwanzo.

"Na mwenzako yuko wapi? Nusu ya pili?"

"Yeye ni wa kabla ya chakula," anasema. "Mimi ni wa baada. Hatujawahi kuonana."

Nikamhurumia, lakini kiu haikupungua. Na hasira imeanza kunipanda, maana wote pale wanakunywa. Hata sheha, mwenye ufa, amezamishwa kwenye mtungi.

Ghafla tuko hospitali. Sinia limekuwa ukumbi mrefu wenye mabenchi, wali bado uko sakafuni, wauguzi wanaukanyaga bila kusema kitu. Sheha amekaa mezani. Bi Kazija yuko benchi la mbele, bata kwapani.

"Tuanze na shahidi wa jirani," anasema sheha.

Bi Kazija anamtikisa bata. "Sema, baba. Usiogope."

Bata anasafisha koo. "Sikupewa kitu," anasema. "Nilikuwa napita tu."

"Katishwa huyo!" anasema Bi Kazija. "Mnaona alivyokonda? Katishwa."

"Bata hajakonda," nasema mimi. "Sheha, mtazame. Bata huyu hata kupita kwenye mlango anapita kwa ubavu."

"Wewe ngoja zamu yako," anasema sheha. "Shahidi wa pili."

Kwenye benchi la nyuma anasimama mtu mnene, hana shingo, hana mikono, amejifunga shuka ya hospitali kiunoni. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Huwezi kukaa na kitu maisha yako yote ukashindwa kukijua. Ni kile kipande cha tumbo langu walichokikata.

"Mimi ndiye mwenye sehemu ile," kinasema, kwa sauti ya kukoroma. "Binti huyu alikuwa mkono tu. Mlimaji mimi. Watu walikuwa wakisema, mke wa Haroub huyo, mashaallah, hakatai chakula cha mtu. Sifa zile zangu. Bi Mize akiongeza nyama alikuwa ananiongezea mimi. Leo nimetupwa, hata kuagwa sikuagwa, halafu yeye bado anataka nafasi. Nafasi ya nani?"

Ukumbi mzima unaguna. Sabaha anaguna kuliko wote.

Hapo nikasimama. Nikiwa macho mimi si mtu wa kupaza sauti. Nyumbani wanasema mpaka nitie neno, maji yameshachemka yakakauka. Lakini pale niliipaza mpaka bata akafumba macho.

"Wewe!" nikakiambia. "Huna haya? Kila nikisema basi, nani alikuwa anasema bado? Nani alinifanya nishuke ngazi za nyumba yetu kwa kukaa, ngazi baada ya ngazi, kama mtoto anayejifunza kutambaa? Sindano za sukari nimechomwa mimi, hukuchomwa wewe. Umekula miaka yote kwa mkono wangu, na leo unataka na mkeka?"

Kipande kikajifunga shuka vizuri. "Mimi nilikuwa natimiza wajibu wangu," kikasema.

"Na wewe, sheha," nikasema, maana nilikuwa nimeshafunguka, "unaniambia asiyelima ananyang'anywa. Siku nilipoingia nyumba ile, bibi arusi, Mama alinishika mkono akaniketisha pale, kati yake na Sabaha. Akasema, hapa ndipo pako. Sikuwa nimeonja hata punje! Sinia lilikuwa halijatoka jikoni. Mahali nilipewa kwanza, wali ukaja nyuma. Sasa nani kageuza, mahali pakawa mali ya wali?"

Sheha akatazama saa yake. Akaitikisa.

"Maneno hayo ni mazuri," akasema. "Lakini mtu aliyekaa kwenye sinia bila kula, kazi yake pale nini?"

Kipande cha tumbo kikacheka mpaka shuka ikaanguka.

Mlango unafunguka. Mama anaingia na toroli. Ndani ya toroli kuna paja la kuku, moja tu, limekaa limeegemea kama bibi arusi aliyechoka kupigwa picha.

"Mimi nawekwa upande wa nani?" linauliza paja.

"Wa mlimaji," anasema sheha.

Kipande cha tumbo kinafungua mdomo. Sabaha anainua jembe. Mama hamtazami mtu. Anainamisha toroli, na mkono wake, kwa mazoea tu, unaliangusha paja kwenye upande wangu.

"Haya," anasema sheha. "Utalila?"

"Siwezi."

"Basi Sabaha, sogea."

"Ngoja, sheha. Likiwa upande wangu ni langu?"

"Ni lako."

"Na langu, nampa nimtakaye?"

Sheha anajikuna chini ya kofia. "Hiyo ni desturi," anasema taratibu. "Ndiyo. Mtu anaweza kumsogezea mwenzake."

"Basi nampa Mama."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Hata Bi Kazija. Kwa sababu hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Tangu niolewe sijaona nyama ikabaki upande wa Mama. Anazigawa zote, huyu hiki, huyu kile, halafu anafyonza mifupa ya wenzake na kusema mifupa ndiyo mitamu. Mimi nilikuwa naliona hilo kila siku, na kila siku mdomo wangu ulikuwa umejaa.

Nikakigeukia kipande cha tumbo. "Wewe ulikuwa unaliona?"

"Nilikuwa na shughuli," kikasema, na kwa mara ya kwanza kikatazama chini.

Nikalibeba paja. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Hospitali haipo tena, niko katikati ya wali, unanifika magotini, na magoti yananibeba. Natembea mpaka alipo Mama.

"Mama, kula."

"Aa, mie sina meno, mwanangu."

"Unayo."

"Mpe Sabaha, ananyonyesha."

"Sabaha ana jembe. Kula, Mama. Naomba ule mbele yangu."

Anatazama kushoto, anatazama kulia, kama mtu anayetaka kuiba kwake mwenyewe. Halafu anauma. Anakula kimyakimya, macho ameyafumba. Anakula nyama, anakula ngozi, anavunja gegedu. Mchuzi unamtiririka mpaka kwenye kiwiko, haufuti. Paja linasema, "Hapo, hapo," kama mtu anayekunwa mgongo, halafu linanyamaza kabisa.

Sheha anawageukia watu. "Kugawa," anauliza, "ni kulima?"

Hakuna anayejua. Wauguzi hawajui, bata hajui. Sheha anasema ni lazima aulizwe Mama mwenyewe, maana sinia ni lake. Wote tunamgeukia Mama. Mdomo wake umejaa, anainua kidole kimoja tumngoje ameze.

Hapo hapo Nusu Saa anafika kando yangu, anahema. "Nimepita," anasema. "Kunywa."

Nikanywa. Yalikuwa baridi. Nikaamka.

Kumekucha. Nikatoka uani. Mama mkwe wangu amekaa juu ya mbuzi ya kukunia, nusu ya nazi mkononi, lakini hakuni. Amekata kijiti cha ufagio, anachokoa meno ya nyuma kwa uchungu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

"Mie gego hili limenikesha. Kuna kitu kimenasa, hakitaki kutoka." Akachokoa tena, akakunja uso, akatoa. Kwenye ncha ya kijiti palikuwa na uzi wa nyama, mweupe, mrefu. Wa kuku.

Akautazama. "Nyama ya wapi hii? Jana si tulikula maharage?"

"Na juzi maharage," Sabaha akajibu kutoka jikoni. "Wiki nzima ni maharage tu nyumba hii!"

Nilijua nisiposema pale sitasema tena. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama," nikasema, "leo mchana naomba nikae kwenye sinia. Sitakula kingi. Naomba nikae pale pangu tu."

Aliinua kile kijiti kwenye mwanga, akautazama ule uzi wa nyama. Akanitazama mimi. Akautazama tena.