Firigisi ya Baba

Baba yangu, Shitanda, aliisifu familia yake kama mtu anayeuza ng'ombe kilema. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru, tukikaa mtaa wa Shieywe, naye alikuwa karani wa serikali mwenye tai na redio. Kwake yeye, familia yetu ilikuwa na afya kwa sababu tulikula meza moja na hakuna aliyempazia mwenzake sauti. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, na leso za Mama nilizifua mimi. Nilijua maji yake yalibadilika rangi gani.

Mama alianza kukohoa wakati wa kupalilia mahindi. Nilipomwambia Baba, alisema ni moshi wa jikoni. Nilipomwambia tena, alinikumbusha shangazi Kageha, dada yake, aliyepelekwa hospitali kwa ajili ya kifua akarudi ndani ya sanduku. Baada ya hapo neno hospitali halikutajwa tena kwetu. Nilimchukia kwa hilo, nasema wazi.

Jumamosi moja Sista Risper, muuguzi aliyezunguka mtaani akiuliza hali za watu, aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wetu. Baba alifurahi kupita kiasi. Papo hapo akaamuru kuku achinjwe, maana mgeni wa heshima hawezi kupewa mboga tupu.

Tulipoketi kula, Sista akauliza tunaishije.

"Hapa hakuna shida, Sista," Baba akasema. "Tunakulanga pamoja, tunaombanga pamoja. Hakuna mgonjwa."

"Na wewe, Mama Musimbi?"

"Tuko wazima," Mama akasema, huku amebana kifua.

Nikashindwa kuvumilia. "Anatemanga damu, Sista. Kila asubuhi."

Sista akamwomba Mama, kwa upole, amwonyeshe leso aliyoifumbata. Kikohozi kikampanda wakati huohuo. Nilimwona akikaza midomo, mishipa ya shingo imemtoka, kisha akameza. Akaikunjua leso. Ilikuwa safi.

"Huyu mtoto anaotanga ovyo," akasema. "Ni umri tu."

Alimeza damu yake ili Baba asiaibike mbele ya mgeni. Nilitaka kupiga mayowe, nikaishia kuukodolea macho ugali. Sista alitutazama mmoja mmoja, akasema milango ya kliniki iko wazi Jumatatu, akamaliza chakula chake, akashukuru na kwenda zake.

Nilingoja kofi, lakini halikuja. Baba alirudi kutoka kumsindikiza mgeni, akaketi mbele ya sahani yake. Firigisi ilikuwa bado pale, hajaigusa. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, hata mtoto anayetambaa anajua. Naye Mama, kama wanawake wengi wa rika lake, hakuwahi kula kuku tangu azaliwe, kwani kwao ni mwiko. Aliwapikia watu ingokho, yaani kuku, miaka yote, akawapakulia, yeye akala mboga.

Baba akaichukua firigisi kwa vidole, akaiweka kwenye sahani ya Mama, juu ya mboga.

"Kula," akasema. "Itakupatia nguvu."

Ndipo nilipoelewa kwamba siku zote alikuwa akiona. Aliona kila nilichokiona, pengine kabla yangu, na hofu ndiyo iliyomfunga mdomo.

Mama aliitazama ile nyama. Kisha akamtazama mumewe.

"Kwani nimefika huko, Baba Musimbi?"

Machozi yalimtiririka Baba hadi kwenye tai, naye hakuyafuta. Mama akaichukua firigisi, akaitia mdomoni, akaanza kutafuna polepole kama mtoto anayelazimishwa dawa.

Mchana kutwa nilikuwa nimetamani Baba akubali kwamba Mama ni mgonjwa. Sasa nilitamani ainyakue ile firigisi, aile mwenyewe, na aseme tena kwamba hapa hakuna shida.