Kikapu cha Mgeni

Mwaka 1948 nilikuwa na watoto thelathini wa darasa la kwanza katika shule ya misheni huko Kaagya, na mmoja wao hakusema neno. Kokwijuka alinyamaza tangu siku alipozikwa mama yake. Shangazi yake alipomleta aliniuliza, "Mwalimu Alistidia, asiyesema atasomaje?"

Dawa sikuwa nayo. Nilikuwa na kona moja ya darasa, nikaitandika nyasi kama nyumba za kwetu, tukatengeneza wanasesere kwa magamba makavu ya migomba. Hapo watoto walicheza ugeni, na kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna ambayo mgeni hupewa kabla ya mazungumzo. Katika kugawa punje ndipo walipojifunza kuhesabu. Kokwijuka alichagua mwanasesere mmoja, akamketisha peke yake. Wiki ya tatu akampelekea kikapu, akapiga magoti.

"Karibu, mae," akasema.

Alimwita mama. Nilitoka nje nikalia.

Tangu hapo alizungumza kila siku, lakini na mwanasesere yule tu. Kisha mwalimu mkuu wetu, Rutashobya, akaja na barua: mkaguzi angefika kesho yake kutoka Bukoba mjini.

"Ondoa takataka zile, Alistidia. Atasema tunacheza."

Mimi na mdomo wangu wote, siku ile nikanyamaza. Asubuhi nilifagia kona. Kuni zilikuwa mbichi, chai ya mgeni haichemki, na magamba ya mgomba hushika moto upesi. Nikawatia motoni wanasesere wote, kwa mkono wangu. Kuwachoma sikuambiwa na mtu.

Mkaguzi, Mwingereza aliyejua Kiswahili, alikunywa chai yake akiwatazama watoto walioketi wima, kimya.

"Wadogo hawa wanachezea nini?" akauliza. "Mtoto hujifunza kwa kucheza."

Rutashobya akanitazama. Nilipandwa na hasira nisijue nimmwagie nani.

Kokwijuka akainuka, akatoka. Alirudi na kikapu chetu, akampigia mgeni magoti, akakiinua kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na majivu.

Mkaguzi akacheka, akamsifu kwa adabu yake. Katika ripoti aliandika kwamba darasa langu ni safi. Kokwijuka nilimfundisha miaka miwili zaidi, akaandika vizuri kuliko wenzake wote, na sauti yake sikuisikia tena.